Bwawa la Hofsós: maji moto juu, bahari baridi chini

SWALI: Assalaam aleikum dada. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Leicester na mume wangu na watoto wetu wawili, kijana wa miaka 7 na binti wa miaka 11. Mwisho wa Julai tunakwenda Iceland kwa siku nane. Mwenzangu wa kazini alinionesha picha ya bwawa la maji moto ambalo ukingo wake unaingia baharini, na mbele yake kisiwa chenye kuta wima. Aliniambia ni kijiji kinaitwa Hofsós, kaskazini mwa nchi. Nimepapenda sana, lakini nasikia huruhusiwi kuingia majini mpaka uoge uchi mbele za watu. Mimi navaa hijabu. Mume wangu ana presha, tena hajui kuogelea. Je, safari hii inatufaa? Na ni kweli kwamba bahari ya huko ni ya moto?

JIBU: Waalaikum salaam dada yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lenye hatari. Bahari ya huko si ya moto hata kidogo. Hofsós iko kwenye ghuba ya Skagafjörður, karibu na nyuzi 66 kaskazini, na maji ya ghuba hiyo hata kiangazi huwa kwenye nyuzi joto 10 hivi. Mtu aliyezoea Nyali au Shelly akijitosa humo bila mazoea, pumzi humkata kabla hajajua kimempata nini. Waambieni watoto mapema, tena kwa ukali: maji moto yako bwawani tu.

Picha haikukudanganya kwa makusudi. Bwawa limejengwa juu ya mteremko unaoshuka baharini, na ukingo wake wa upande wa ghuba umepangwa ili ukiwa ndani, macho usawa wa maji, usiuone ufuo wala mteremko. Unachoona ni maji ya bwawa, halafu maji ya bahari, halafu kisiwa cha Drangey. Ukisimama nje ukatazama, siri yote inafichuka: kuna ukingo, kuna majani, kuna mteremko, na bahari iko chini kabisa. Msanifu wake ni Sigríður Sigþórsdóttir, yule yule aliyehusika na majengo ya Blue Lagoon, bwawa maarufu la kitalii la kusini-magharibi, na kwa maoni yangu kazi ya Hofsós ni bora kuliko ile maarufu, kwa sababu hapa jengo limejua kunyamaza. Limeinama, na paa lake lina majani, hivi kwamba ukipita barabarani bila kuangalia vizuri unaweza kulipita.

Kingine cha kukijua kabla hujafunga safari ni kwamba hili si hoteli ya kupumzikia. Hofsós ni kijiji cha watu wasiozidi mia mbili hivi, na bwawa ni lao. Wanawake wawili wenye makao katika eneo hilo, Lilja Pálmadóttir na Steinunn Jónsdóttir, waligharamia ujenzi wakalitoa zawadi kwa wakazi, likafunguliwa mwaka 2010. Tangu hapo linaendeshwa na manispaa kama mabwawa mengine ya umma, na Iceland yana idadi inayopita mia moja. Hakuna baa ndani ya maji, hakuna matope ya usoni, hakuna joho jeupe la kutembelea. Kuna bwawa la mita 25, bwawa dogo la maji ya moto zaidi la kukaa, mabafu, na mtu wa zamu anayelinda. Kiingilio ni sehemu ndogo tu ya kile unachotozwa kwenye mabwawa ya kitalii ya karibu na Reykjavik. Ukienda ukitarajia anasa utavunjika moyo. Ukienda kama mgeni aliyekaribishwa kuoga nyumbani kwa watu, utafurahi, na hata hiyo habari ya kuoga uchi itaanza kueleweka.

Sasa tuje kwenye hilo.

Ni kweli. Kila bwawa la umma Iceland lina sharti moja lisilojadiliwa: kabla ya kuvaa nguo ya kuogelea, unaoga kwa sabuni, bila nguo, katika bafu la pamoja la wanawake au la wanaume. Ukutani kuna mchoro wa mwili wenye alama za sehemu ambazo lazima zisafishwe: kichwa, makwapa, kinena, nyayo. Sabuni ipo pale pale. Na usidhani mchoro ni pambo. Mhudumu anaweza kabisa kumrudisha mtu bafuni, kwa upole lakini bila kubembeleza, na wakazi wenyewe, hasa akina mama watu wazima, humwambia mgeni hivyo hivyo.

Sababu yake si kudhalilisha mtu. Wenyewe hawapendi maji yaliyojaa dawa, kwa hiyo klorini hutiwa kidogo. Klorini ikiwa kidogo, uchafu wa miili lazima ubaki nje. Jasho, mafuta ya ngozi, vipodozi, manukato, vyote hivyo vikiingia majini vinakula ile klorini ndogo iliyopo na kuzalisha harufu ile kali inayochoma macho kwenye mabwawa ya mijini. Kwa hiyo "nimeoga hotelini asubuhi" si hoja inayokubalika, na kuoga juu ya nguo ya kuogelea pia hakukubaliki, kwa sababu kitambaa ndicho kinachoficha kile wanachotaka kiondoke.

Kwa mwanamke mwenye staha kama wewe, hizi ndizo njia ninazozijua, na ninazipanga kwa jinsi ninavyozipendelea.

Ya kwanza ni kupiga simu au kuandika kabla ya kwenda na kuuliza kama kuna chumba cha faragha. Mabwawa mengi nchini, hasa ya mijini, yana chumba kimoja cha pembeni chenye bafu lake, kilichowekwa kwa ajili ya wenye ulemavu, wazazi wenye mtoto wa jinsia nyingine, na yeyote asiyeweza kutumia vyumba vya pamoja. Wanakiita sérklefi. Uliza kwa neno hilo, na ueleze sababu yako wazi. Watu wa kule si wepesi wa kutabasamu na mgeni, lakini ukiwauliza jambo la kweli hukujibu la kweli, na hakuna atakayekushangaa. Mabwawa mengine yana walau bafu moja lenye pazia au mlango.

Kama jibu ni hapana, chagua saa. Katika kijiji kidogo hivi, bafu la wanawake mara nyingi huwa tupu kwa muda mrefu. Epuka mchana wa Jumamosi na saa ambazo mabasi ya watalii hupita. Asubuhi na mapema ndiyo nzuri, au saa ya chakula cha jioni, wakati wenyeji wako mezani.

Na hata bafu lisipokuwa tupu, sharti linasema uoge bila nguo, halisemi utembee bila nguo. Nenda na kanga. Jifunge kanga yako kutoka kwenye kabati la nguo mpaka chini ya bomba la pembeni kabisa, itundike, geukia ukuta, oga haraka, kisha vaa vazi lako la kuogelea pale pale, likiwa juu ya mwili wenye maji. Linavalika kwa taabu kidogo, ndiyo. Lakini tangu unaondoa kanga mpaka umejifunika tena zinapita dakika mbili tatu, na katika hizo wote waliomo wako kwenye shughuli ile ile na hakuna anayekutazama. Tangu wakiwa watoto wa shule wameoga hivyo, na mwili wa mtu bafuni kwao ni kitu kisicho na habari ndani yake. Ni wageni ndio wanaotazamana.

Kuhusu mipaka ya sitara baina ya mwanamke na wanawake wenzake, wasio Waislamu wakiwemo, mimi si mwanachuoni. Muulize unayemwamini kabla ya safari, usije ukaanza kujadili na nafsi yako ukiwa umeshika sabuni. Ukiona moyo hautulii, iache Hofsós bila majuto, maana kuna mahali pengine nitakapokutajia chini ambapo kuoga ni kwa faragha kabisa.

Binti yako wa miaka 11 ndiye ningemfikiria zaidi. Umri huo aibu huwa mpya na kali. Mweleze kabla hamjapanda ndege, mpe kanga yake mwenyewe, na umwambie kwamba akikataa siku hiyo hakuna atakayemlaumu. Kijana aende na baba yake upande wa wanaume. Na shemeji naye mtayarishe, kwa sababu huko kwao hali ni ile ile, na nimewaona wanaume wa kwetu wakisita mlangoni kuliko wake zao.

Mavazi ya majini: burkini, yaani vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima, kwa jumla inakubalika Iceland, mradi ni kitambaa cha kuogelea kweli. Kisichokubalika ni nguo za kawaida, yaani suruali za pamba, fulana, dera, au kanga yenyewe kuingia nayo majini. Pamba inabeba uchafu na inakuwa nzito, na mlinzi atakutoa. Beba la kwako, maana nguo za kukodi zilizopo mabwawani huwa za kawaida tu. Shemeji akitaka kufunika magoti, kaptura ya kuogelea inatosha, lakini isiwe ile ya mtaani yenye mifuko. Taulo lisilofungwa mwilini liacheni kwenye rafu ya karibu na bafu, msilipeleke kabatini, kwa sababu mkitoka majini mnatakiwa mjikaushe kabla ya kukanyaga sakafu ya chumba cha nguo. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia chumba hicho. Simu iache kabatini. Chumba cha nguo na bafuni kupiga picha ni marufuku kabisa, na bwawani pia watu hawapendi kuingia kwenye picha za wageni. Picha yenye ghuba na kisiwa mnaweza kuipata vizuri mkisimama nje, juu ya mteremko, mmevaa makoti yenu.

Nywele: kama umesuka, lowanisha kwanza kwa maji ya bomba na upake kilainishi kidogo chini ya kofia ya burkini, maji ya bwawa yasipate pa kuingia sana. Kinachoumiza nywele Iceland ni maji ya Blue Lagoon, yenye madini ya silika yanayozigandisha, na bwawa la Hofsós halina shida hiyo. Shida yako itakuwa upepo baadaye. Kausha kichwa vizuri kabla ya kutoka nje.

Umeuliza juu ya presha ya shemeji, na hapa naomba usome polepole. Maji moto hupanua mishipa ya damu. Damu inakwenda kwenye ngozi, presha inashuka, moyo unaongeza kasi kufidia. Mtu aliyekaa ndani ya maji hahisi kitu, anahisi raha tu. Hatari iko anaposimama kutoka, kichwa kinakuwa chepesi, macho yanaingia giza, na miguu iko juu ya vigae vyenye maji. Anayetumia dawa za presha yuko karibu zaidi na hali hiyo, kwa sababu dawa nazo zinashusha. Kwa hiyo azungumze na daktari wake wa Leicester kabla ya safari, amwambie wazi kwamba anakusudia kukaa kwenye maji ya nyuzi 38 au zaidi.

Daktari akiruhusu, basi aelewe namba. Bwawa kubwa la kuogelea Iceland kwa kawaida huwa na nyuzi 27 hadi 30 hivi, na hilo halina neno kwake. Mabwawa madogo ya kukaa huwa kati ya 37 na 42, na joto mara nyingi huandikwa hapo hapo. Aanzie kwenye la chini kabisa, dakika tano mpaka kumi, atoke, apumzike, anywe maji. Akitoka akamate chuma, aketi ukingoni kwanza, ndipo asimame. La nyuzi 40 na kuendelea aliache, hata wazee wa kijiji wakimwita. Na ile michezo ya kutoka maji moto na kuingia moja kwa moja beseni la maji ya barafu si yake kabisa: hapo mishipa inabana ghafla na presha inaruka. Watoto nao wasikae humo muda mrefu, miili yao inapata joto haraka kuliko yetu.

Kutojua kuogelea si kizuizi. Kina huandikwa ukingoni, abaki upande ambao miguu inafika, au akae tu kwenye bwawa dogo, ambalo limetengenezwa kwa kukaa. Kijana wako wa miaka 7 hawezi kuachwa peke yake, kwa sababu mtoto aliye chini ya miaka 10 lazima awe na mtu wa miaka 15 au zaidi. Maboya ya mikononi hupatikana kwenye mabwawa mengi bila malipo, ulizeni mapokezi.

Na shemeji asione haya. Iceland yenyewe ilikuwa nchi ya wavuvi wasiojua kuogelea, waliokuwa wakizama mita chache kutoka nchi kavu. Ndiyo maana mwaka 1940 somo la kuogelea likawa la lazima shuleni, na ndiyo maana kila kijiji, hata cha watu mia, kinadai bwawa lake. Mabwawa haya ni ya uhai kwanza, starehe ilikuja baadaye. Lile bwawa dogo la moto ndilo baraza lao. Mkulima, mwalimu na mwenye duka wanakaa humo shingo nje, wanazungumza hali ya hewa, samaki na serikali. Salimieni mkiingia. Mkiulizwa mmetoka wapi, semeni Mombasa, mtaona mazungumzo yanachangamka, hasa akiwepo mtu wa kampuni ya maji moto au umeme.

Nasema hivyo kwa sababu kuna undugu hapa ambao wengi hatuujui. Iceland inakaa juu ya mpasuko wa dunia, mahali ambapo mabamba mawili ya ganda la dunia yanaachana kwa sentimita mbili hivi kwa mwaka. Kenya nayo ina mpasuko wake, Bonde la Ufa, na mvuke wa Olkaria karibu na Naivasha unatokana na mambo ya jinsi hiyo hiyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Reykjavik imekuwa na programu ya kufundisha wataalamu wa jotoardhi kutoka nchi zinazoendelea, na Wakenya ni miongoni mwa waliosoma kwa wingi zaidi. Hata KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ina bwawa lake la maji moto pale Olkaria. Mkirudi nyumbani likizo, wapelekeni watoto.

Ila maji ya Skagafjörður si ya aina ya Olkaria. Olkaria ni eneo la joto kali: ukichimba kilomita moja unakuta nyuzi zaidi ya 200, na mvuke wake unazungusha mitambo ya umeme. Skagafjörður ni eneo la joto la chini, nje ya ukanda wa volkano. Huko maji ya mvua na theluji huzama kwenye nyufa za miamba mpaka chini sana, hupata joto la mwamba, kisha huchotwa kwa visima na kupelekwa kupasha nyumba na kujaza mabwawa. Kwa hiyo msije mkaogopa mlipuko wa volkano mkiwa Hofsós. Milipuko mnayoisikia kwenye habari tangu 2021 ni ya rasi ya Reykjanes, kusini-magharibi, kule ambako wakazi wa mji wa Grindavík walihamishwa Novemba 2023 na Blue Lagoon imefungwa mara kadhaa. Jambo moja tu la nyumbani la kuangalia: bomba la maji moto katika nyumba nyingi za kukodi huleta maji hayo ya chini ya ardhi, yananukia yai kidogo, na yanaweza kuunguza. Mfungulieni kijana bomba nyinyi wenyewe. Maji ya baridi ni safi, nyweni bila kununua chupa.

Sasa, safari yenyewe inafaa? Kwa siku nane, ndiyo, lakini kwa sharti kwamba mlale huko. Kutoka Reykjavik mpaka Hofsós ni kilomita 320 hivi, saa nne za kuendesha bila kusimama. Kuna wanaokwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa ajili ya picha, na mimi huwa nawakataza. Saa nane ndani ya gari na watoto, kwa saa moja ya maji, halafu upepo ukigeuka mnakuta ukungu umefunika kisiwa chote. Laleni usiku mbili Skagafjörður, ili siku moja ikiharibika muwe na nyingine.

Fuateni barabara namba 1 kutoka Reykjavik. Mtapita chini ya bahari kwenye handaki la Hvalfjörður, ambalo tangu 2018 halitozi ada. Mkifika Varmahlíð, piteni mbele kidogo kisha muingie namba 76 kuelekea kaskazini mpaka Hofsós. Mwisho wa Julai gari dogo la kawaida linatosha kabisa, msikubali kuuziwa gari kubwa kwa hofu. Mwendo ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami na 80 kwenye changarawe, taa ziwake mchana na usiku, na kondoo wanazurura barabarani bila mchungaji, mama upande huu, mtoto upande ule. Madaraja mengine ni ya gari moja: anayefika kwanza hupita kwanza, na ukiwa na shaka, subiri. Mkifungua mlango wa gari penye upepo, ushikeni kwa mikono miwili. Bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi mlango uliong'olewa na upepo, na hao mnaowacheka leo ndio hao walioulipia jana. Hali ya barabara na tahadhari za hali ya hewa huwekwa kwenye tovuti ya SafeTravel, zitazameni kila asubuhi.

Kama mnataka kuendelea, namba 76 inazunguka rasi ya Tröllaskagi hadi Siglufjörður, kupitia handaki la zamani la njia moja lenye sehemu za kupishana. Kutoka Siglufjörður mahandaki mapya yanawapeleka Ólafsfjörður na baadaye Akureyri. Njia hiyo ni nzuri mno kukiwa kweupe, na inachosha kukiwa na ukungu.

Hofsós penyewe msiondoke mara baada ya kujikausha. Hatua chache kusini mwa bwawa kuna ngazi za kushuka ufukweni, Staðarbjargavík, penye nguzo za basalti zilizosimama safu kwa safu, zenye pembe nyingi, zilizoganda hivyo lava ilipopoa polepole. Watoto watataka kuziruka. Mawe yakiwa na maji yanateleza, wawekeni mbali na ukingo.

Chini karibu na bandari kuna Vesturfarasetrið, jumba la makumbusho la wahamiaji, lililoanzishwa mwaka 1996. Msilipite. Kati ya 1870 na 1914 watu kama 15,000 waliondoka Iceland kwenda Kanada na Marekani, sehemu kubwa sana ya taifa dogo lenye baridi, njaa na majivu ya volkano. Wengi walifikia Manitoba, ambako mji wa Gimli ulianzishwa 1875. Wajukuu wao hadi leo huja Hofsós kutafuta majina ya mababu. Wewe uliyetoka Mombasa ukaishia Leicester utasoma barua zilizo ukutani kwa jicho ambalo watalii wengine hawana.

Na kile kisiwa cha kwenye picha, Drangey, kimeinuka karibu mita 180 juu ya bahari, kuta pande zote. Masimulizi ya kale ya Iceland yanasema Grettir Ásmundarson, mtu mwenye nguvu za ajabu aliyepigwa marufuku na sheria, alijificha juu yake na ndugu yake Illugi na mtumwa mmoja. Usiku mmoja mtumwa aliacha moto ukazimika. Hawakuwa na mashua, basi Grettir akaogelea mpaka bara, kama kilomita saba za maji yale niliyokuonya, kisha akajitumbukiza kwenye chemchemi ya maji moto ufukweni kuurudisha mwili wake. Chemchemi inayohesabiwa kuwa ndiyo ile ipo mpaka leo, ng'ambo ya ghuba, inaitwa Grettislaug. Ni dimbwi la mawe kando kabisa ya bahari. Njia ya kufika ni ya changarawe na ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani, lakini kama siku yenu ya pili ni shwari, ningekwenda. Mpigie kijana hadithi hiyo mkiwa bwawani Hofsós, kisiwa kikiwa mbele yenu; hatakusumbua tena kwa nini haruhusiwi kushuka baharini.

Ikiwa mtaamua kubaki karibu na Reykjavik, kwa ajili ya presha, au ya umbali, au ya lile bafu, nendeni Sky Lagoon, Kópavogur. Nalo liko ukingoni mwa bahari na lina ukingo wa aina hiyo hiyo, lilifunguliwa 2021. Ni ghali, na linajaa watu wenye glasi za pombe mkononi, lakini lina tiketi inayoitwa Sér inayowapa chumba chenu cha kubadilishia na kuogea. Ila watoto walio chini ya miaka 12 hawaruhusiwi humo, kwa hiyo wewe na shemeji mtalazimika kuingia kwa zamu, mmoja akibaki na watoto. Guðlaug, kwenye ufuo wa Akranes, ni dogo na limejengwa ndani ya ukuta wa mawe ya bahari, zuri la kukaa, si la kuogelea. Kama ningelazimika kuchagua moja kwa familia yako, bado ningesema Hofsós asubuhi, mkiwa mmeshapiga simu.

Yaliyobaki ni madogo. Mwisho wa Julai jua la Skagafjörður huzama karibu na saa tano usiku, na giza kamili haliingii kabisa, kwa hiyo Maghrib na Isha zinahitaji ratiba mliyokubaliana na msikiti wenu kabla ya safari. Bwawa litakuwa limefungwa kabla jua halijazama, msipange machweo ndani ya maji bila kuhakikisha saa za siku hiyo. Nyama ya halali msiitegemee kule kaskazini, samaki wapo tele na ni wazuri. Kadi ya benki inatosha kila mahali. Na pasipoti: Iceland iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo aliye na pasipoti ya Uingereza haombi viza kwa safari fupi, lakini yeyote kati yenu ambaye bado anatumia ya Kenya anaihitaji hata kama ana kibali cha kudumu cha kuishi Leicester. Kiangazi nafasi za miadi hujaa mapema. Kama bado hamjaanza, anzeni wiki hii.